Nani Anamdai Mwalimu?

Mwaka jana mwezi wa kumi nilikaa siku tatu kwenye ukumbi wa hoteli moja Dar es Salaam, mimi na walimu wenzangu kama ishirini na tano, tukipigwa msasa. Kiyoyozi kilikuwa kikali mpaka akina dada wakajifunika mitandio. Mwezeshaji, mama mmoja mchangamfu aliyeletwa kutoka nje ya nchi, alitugawia vikaratasi vya njano akatuambia kila mtu aandike jina la mwalimu aliyemfanya awe mwalimu. Tukaandika. Akasema tuvibandike ukutani, hatuna haja ya kueleza. Tukabandika, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, wahudumu walikuwa wameshavibandua ili waning'inize pazia la projekta.

Sikukasirika. Ila lile jina nililoliandika lilinikaa kichwani wiki nzima, na wiki mbili baadaye nikapigiwa simu kutoka hukohuko lilikotoka.

Nieleze kwanza mimi ni nani. Nafundisha hisabati kwenye shule ya kimataifa, sehemu ya kati, watoto wa miaka 11 hadi 16. (Kwetu wazee bado wanalikumbuka neno "middle school". Enzi ya mkoloni lilikuwa darasa la tano hadi la nane, na mtu aliyefika hapo alikuwa mzito kijijini, anasomewa barua na hasomewi yeye, yaani yeye ndiye msomaji. Yangu mimi ni kitu kingine kabisa.) Kabla ya hapo nilifundisha miaka sita shule ya msingi ya serikali wilayani Biharamulo, upande wa barabara kuu iendayo Rusumo. Na kabla ya yote hayo nimezaliwa Ngara, nimekulia Ngara, mama yangu yuko Ngara mpaka leo na migomba yake.

Aliyenipigia ni mwalimu mkuu wa shule ile ya Biharamulo. Tulipokuwa pamoja alikuwa mwalimu wa taaluma, tukigombana kuhusu chaki. Akasema, "Mwalimu, si unajua siku hizi tuna MEWAKA. Tunakutana hapa shuleni, sisi kwa sisi. Wewe huko unapewa mafunzo kila mwezi. Njoo siku moja utuambie unachojua." Nikamwambia nitaangalia ratiba. Akacheka. "Ratiba," akasema. "Haya, angalia ratiba."

Kwa wasiojua, MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ni mpango wa serikali wa miaka hii ya karibuni, na wazo lake ni rahisi: badala ya mwalimu kuitwa mjini kwenye semina mara moja kila baada ya miaka mitano, walimu wakutane shuleni kwao, katika jumuiya ya kujifunza, wasome moduli, wajadili masomo yao wenyewe. Kuna na vituo vya walimu kwa ajili ya shule za jirani. Mambo ya kupewa mafunzo ukiwa kazini si mageni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipoamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, walimu walitoka wapi? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa madarasani, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio, kwa wakufunzi wa kata. Watu wakawacheka. Wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Jina nililoandika kwenye kikaratasi cha njano ni la mmoja wao.

Mzee yule alinipokea nikiwa na cheti changu kipya cha chuo, najiona. Siku ya tatu aliingia darasani kwangu, akakaa dawati la nyuma na watoto, magoti yakagusa kidevu. Baada ya kipindi hakuniambia lolote kuhusu andalio langu la somo. Alisema tu, "Mwalimu, unauongelesha ubao." Kisha akanionyesha namna ya kuandika huku umegeuza bega, jicho moja kwa watoto. Tukafanya hivyo wiki mbili, jioni, darasa tupu, yeye akijifanya mtoto mtukutu. Hakulipwa hata senti. Nami sikumlipa.

Halafu nikaondoka.

Hapa ndipo swali langu linapoanza, na naomba msomaji asinisaidie kulijibu haraka. Nilipoondoka Biharamulo, darasa la tano lilibaki bila mwalimu wa hisabati kwa muhula mzima na zaidi. Hilo najua kwa sababu waliniambia, kwa upole, kama mtu anavyokuambia habari za mvua. Je, nilikuwa nadaiwa? Na kama nilidaiwa, nadaiwa nini hasa: ujuzi, fedha, au mwili wangu kusimama mbele ya ubao ule?

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake kuhusu wasomi, aliutoa miaka ya sitini. Mtu amepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti. Tuliusikia mfano huu chuoni mpaka tukauzoea. Nilipokuwa kijana niliuona umefunga mjadala. Siku hizi nauona una ufa. Chakula ukila kimekwisha, mwingine hakipati. Lakini yule mzee aliponifundisha kugeuza bega hakubaki na bega moja. Ujuzi haukupungua kule nilipoutoa. Kwa hiyo kama niliiba kitu, sikuiba hicho. Kilichopungua pale shuleni ni mtu mmoja. Na mtu, tofauti na chakula, hakuwa mali ya kijiji tangu mwanzo.

Basi nimetoka? Hapana, bado. Maana upande wa pili nao una kasoro. Shule ninayofanya kazi sasa ilinipa mkataba wenye kifungu: nikipelekwa mafunzo ya nje nikaacha kazi kabla ya miaka miwili, narudisha gharama. Mwanzoni kifungu kile kiliniudhi. Baadaye nikakipenda, kwa sababu kilinipa jambo ambalo Biharamulo haikunipa, yaani tarehe ya kumaliza deni. Miaka miwili ikapita, nikawa huru kabisa, sina hata chembe ya wasiwasi. Deni la yule mzee halina tarehe. Hakuniandikia bei, hivyo sijui nilipe kiasi gani ndipo nilale. Nikianza kumlipa kwa fedha nitamtukana. Nikinyamaza, nitakuwa nimejifanya sikupokea.

Nikapanda basi.

Safari ya Dar hadi Nyakanazi unaijua kama umewahi kuisafiri; kama hujawahi, siwezi kukueleza, ni Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, na matako. Nyakanazi unashuka miguu imevimba, wachuuzi wanakupandishia ndizi na mahindi ya kuchoma dirishani. Kutoka hapo unaelekea Lusahunga, Nyakahura. Zamani kipande hiki mabasi yalisubiriana yaende kwa msafara na askari wenye bunduki ndani, kwa ajili ya majambazi wa msituni. Sasa ni malori tu, foleni ya malori yaendayo Kigali na Bujumbura.

Nilibeba laptopu yenye slaidi arobaini na mbili. Nilizitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, usiku tatu. Zilikuwa kuhusu ufundishaji unaoanza na swali la mtoto. Nilifika shuleni Ijumaa saa nane mchana. Walimu saba, wanafunzi mia nane na ushee. Shikamoo, marahaba, karibu, umenenepa, huko mnakula vizuri. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Nikafungua laptopu nikaizungushia meza, wakasogea kama watu wanaotazama picha ya harusi. Slaidi ya tano, dada mmoja anayefundisha darasa la tatu akauliza, "Samahani Mwalimu, hao watoto wako darasani wako wangapi?" Nikasema kumi na tisa. Hakuna aliyecheka kwa ubaya, lakini walicheka. Akaongeza, "Mimi kumi na tisa ndio wanaokaa mstari wa kwanza." Slaidi ya tisa betri ikaisha. Namshukuru Mungu kwa betri ile.

Mwalimu mkuu akasema, basi tuendelee na letu. Letu lao lilikuwa hivi: kila mmoja anakuja na daftari moja la mtoto lenye kosa. Kosa moja tu. Daftari lililowekwa mezani siku hiyo lilikuwa la mtoto wa darasa la sita, ameandika kwa mwandiko mzuri kabisa:

1/2 + 1/3 = 2/5

Kosa hilo nalijua. Kila mwalimu wa hisabati duniani analijua. Nimehudhuria mafunzo lilipowekwa ukutani likaitwa dhana potofu, tukaambiwa dawa yake ni michoro ya rangi. Nikajiandaa kusema hivyo. Kabla sijafungua mdomo, kijana wa michezo, anayefundisha pia stadi za kazi, akasema, "Lakini huyu mtoto yuko sahihi."

Tukamtazama.

"Jumamosi tumepiga penalti. Amepiga mbili, kafunga moja. Jumapili kapiga tatu, kafunga moja. Jumla je? Mbili katika tano. Sasa amekosea wapi?"

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimefundisha sehemu miaka kumi na tano, katika shule za aina mbili, na sikuwahi kufikiri kwamba kosa lile lina akili ndani yake. Mtoto hakukurupuka. Alijumlisha kama uwanja unavyojumlisha. Wakaanza kubishana, na walibishana karibu saa nzima, kwa Kiswahili, kwa Kisukuma mara moja moja, kwa mkono juu ya meza. Mtu akatumwa kuleta muwa. Ukakatwa. Dada wa darasa la tatu akasema, "Nikila nusu ya muwa, ukaniongeza theluthi, nitakuwa nimekula mbili ya tano? Si mbili ya tano ni pungufu ya nusu? Nimeongezwa nikapungukiwa!" Kelele. Kijana wa michezo akashikilia penalti zake. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye akaona: kwenye penalti unachanganya mbili na tatu zinakuwa tano, fungu lenyewe linakua, lakini muwa ni uleule mmoja. Nusu ya nini, theluthi ya nini, hilo ndilo mtoto hakuulizwa.

Halafu likaja lile ambalo ndilo limenifanya niandike. Mwalimu wa darasa la sita, mwenye daftari, mtu mzima kunizidi, alikuwa hajasema kitu muda wote. Akasema, "Mimi nimefundisha hii miaka kumi na nne. Natafuta KDS, nagawanya kwa asili, nazidisha kwa kiasi, wanaandika, wanapata vema. Kwa nini tunafanya hivyo, nilikuwa sijui. Leo ndio naona."

Kimya. Mwalimu mkuu akasema, "Hata mimi."

Na mimi? Mimi nilikuwa najua, nimefundishwa hotelini. Lakini wakati nafundisha darasa la tano palepale, chini ya bati lilelile, nilikuwa sijui, nikawapeleka watoto kwa KDS na kiboko cha macho. Ilikuwa nafasi ya kusema hivyo. Sikusema. Nilitikisa kichwa kama mgeni rasmi.

Nimejiuliza kwa nini wao waliweza na mimi sikuweza, na sitaki kujibu kwamba watu wa kijijini ni wakweli kuliko sisi. Nimeishi nao. Ofisi ileile ya walimu ina fitina zake, ina watu wasiosalimiana tangu uchaguzi wa mwakilishi wa chama, na siku afisa akifika na daftari la ukaguzi kila mtu anajua kila kitu. Ila saa ile hapakuwa na afisa. Hapakuwa na fomu. Kule kwetu kila warsha huishia na tathmini, na tathmini hukaa kwenye jalada, na jalada hufunguliwa mkataba unapokaribia kuisha. Nani atanyoosha mkono aseme sijui? Tunasema tunatafakari. Tunasema tuko safarini. Nimekaa katika mafunzo mengi mazuri kweli, yenye watu wenye ujuzi kweli, na sikumbuki hata mara moja mtu mzima akitamka neno "sijui" na kuliacha hapo bila kulivalisha koti.

Basi ile simu ilisema "utuambie unachojua". Nilichokuwa nadaiwa pengine kilikuwa kinyume chake.

Waliniomba radhi kwamba hawana nauli ya kunirudishia. Nikasema haidhuru. Watu wa mjini hupenda kuwacheka walimu kwamba kabla ya semina huuliza kama kuna posho. Nami niliwahi kucheka. Lakini sijawahi kuuliza posho hotelini kwa sababu mshahara wangu ulishanijibu, na chakula cha mchana kilikuwa na aina tatu za nyama. Dada yule wa darasa la tatu siku ile alitembea kwa miguu kurudi kwake, na ilikuwa inanyesha.

Kesho yake nikaenda kwa mama. Gari dogo lilipita Benako, na hapo huwa sipiti bila kutazama nje.

Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja au mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao vinasikilizana, hivyo hatukuhitaji mkalimani kujua kilichowapata, na mengine tusingetaka kuyajua, maana miongoni mwao walikuwemo waliotendwa na waliotenda. Benako ikawa jiji la maturubai ya bluu. Kisha Lumasi, Musuhura. Misitu ikaisha kwa kuni. Walikaa mpaka Desemba 1996 waliporudishwa.

Kaka yangu alikuwa akipeleka ndizi kuuza, nami nikibeba. Huko ndiko nilikoona shule isiyo na ukuta. Mwalimu wao alikuwa mkimbizi kama wao, na alikuwa na sanduku. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma lile lilikuwa sanduku gani: UNESCO na UNICEF walikuwa na kitu kilichoanza kutumika Somalia, kikaletwa Ngara kwa Kinyarwanda, vifaa vya dharura vya mwalimu mmoja na wanafunzi wapatao 80 kwa zamu mbili. Vibao, chaki, madaftari, chati za kitambaa zinazoweza kukunjwa, na kitabu cha kumwongoza mwalimu hatua kwa hatua, hata kama hakuwahi kuwa mwalimu.

Mwaka huohuo wa 1994, mbali kabisa na vumbi lile, shirika la IB lilianzisha Programu ya Miaka ya Kati, hiyo ninayoifundisha sasa, kwa watoto wa miaka 11 hadi 16. Ndani yake mwalimu hapewi hatua. Anatakiwa afikiri, ajadiliane na wenzake, abuni. Nimelifikiria hili sana. Mtoto wa miaka kumi na miwili ni yuleyule. Mmoja mwalimu wake amepewa sanduku, mwingine mwalimu wake amepewa muda wa kuwaza. Siwezi kulilaumu sanduku. Nililiona likifanya kazi. Nilimwona mwanamume aliyepoteza kila kitu akiandika hesabu kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye mti, na watoto wakiitikia. Kwenye moto humpi mtu uhuru wa kubuni, unampa ndoo.

Tatizo langu ni kwamba moto huzimwa na ndoo hubaki. Mara ngapi mwalimu wa serikali amepelekewa mtaala mpya, kitabu kipya, kiongozi kipya, kama vile bado yuko Benako? Hata moduli za MEWAKA zinaweza kuwa sanduku jipya, soma ukurasa, weka vema, piga picha tuma kwa Afisa Elimu Kata. Nimeambiwa ziko shule zinafanya hivyo. Lakini pale Nyakahura nilichokiona kilikuwa ni watu saba wanawaza, kwa muwa na daftari, na aliyekuja na sanduku alikuwa mimi. Slaidi arobaini na mbili.

Mama aliniuliza kama nimemwona mzee. Sikumwona. Nilimpigia simu nikiwa Ngara, alistaafu zamani, sikio moja halisikii. Nikamwambia habari ya penalti na muwa. Akaniuliza mara mbili, mara ya pili akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Na wewe uliwaambia hukuwa unajua?"

Nikasema mtandao unakatika.

Kabla sijaondoka waliniingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Jumanne wiki hii mwalimu wa darasa la sita ametuma picha ya daftari jingine. Mtoto ameandika 6 gawanya kwa 1/2 jawabu ni 3. Chini yake mwalimu ameandika: najua kwamba tunapindua tunazidisha, inakuja 12, naomba mwenye kujua aseme kwa nini tunapindua. Nimeandika jibu mara tatu, refu, lenye mchoro, nikafuta. Wanakutana kesho saa nane.